Nati Ndogo, Kazi Kubwa
Jinsi ya kupata vipuri vya alumini vya magari ya rimoti ya zamani

Ukiingia katika nyumba za jamaa zetu hapa Phillips, hukosi kukuta kitu kimoja kisichotumika wala kutupwa. Kwa wengine ni cherehani ya mkono, kwa wengine ni redio ya mbao iliyonyamaza zamani. Katika nyumba nne ninazozijua mimi ni gari la kuchezea la rimoti la miaka ya themanini, limefungwa katika mfuko wa plastiki na kuwekwa juu ya kabati. Aliyelileta aghalabu ni baba au ami aliyekuwa akifanya kazi Ghuba, na baadhi yao hatunao tena.

Mwaka huu vijana wetu wameshikwa na hamu ya kuyafufua magari hayo. Ni hamu njema, na wazee wasiibeze. Lakini wengi wao huanza kwa kununua, ilhali kazi hii huanza kwa kupima. Matokeo yake fedha hupotea, na baya zaidi, chombo kilichovuka bahari kikiwa kizima huharibikia mezani, mikononi mwa mtu anayekipenda. Kwa hiyo nimeona si vibaya niandike machache niliyojifunza nikikaa nao, hasa juu ya nati, skrubu na vipande vya alumini, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Magari yenyewe

Sisi wa rika langu tulicheza na magari ya waya. Magurudumu yalikatwa katika malapa yaliyochakaa, na bodi ilitoka katika mkebe wa Kimbo. Kipuri kikivunjika, duka letu la vipuri lilikuwa jaa la karibu. Gari la rimoti ni la jamii nyingine: kila kipande kina kipimo chake, na kisichokuwa chake hakikai.

Kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka huko Japani, ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, nalo lilikuwa mfano wa Porsche 934. Mwaka 1984 ikatoa Grasshopper na Hornet, majina ya panzi na mavu, magari mepesi ya kukimbia mchangani, yenye chasisi ya plastiki. Katika zile nyumba nne, tatu zina mojawapo ya hayo. Mwaka huohuo wa 1984, kampuni ya Team Associated ya California ilitoa RC10. Hili chasisi yake ni kama sinia refu la alumini lenye rangi ya dhahabu, na mwaka 1985 ndilo lililoshinda ubingwa wa dunia wa magari ya aina yake, yaani yanayosukumwa na magurudumu mawili, katika mashindano ya Del Mar, California. Nyumba ya nne inalo hilo. Kijana mmoja alilinunua katika vitu vya kuukuu ambavyo jirani alivitandaza mbele ya nyumba yake.

Ipo habari njema. Makampuni haya yalipoona watu wazima wanaulizia vitu vya utoto wao, yaliyatoa magari hayo upya: Hornet mwaka 2004, Grasshopper mwaka 2005, na RC10 mwaka 2013. Kwa hiyo vipuri vingi ambavyo miaka ya tisini ungevililia vimepatikana tena vikiwa vipya. Lakini kipya na cha zamani ni kama ndugu wawili wa tumbo moja: wanafanana, ila viatu vyao si saizi moja kila mara. Pima kwanza, ndipo ununue.

Vipimo viwili katika meza moja

Hornet ni la Kijapani na hupimwa kwa milimita. RC10 ni la Kimarekani na hupimwa kwa inchi. Sisi wenyewe tumo katika hali hiyohiyo: tulifundishwa mita na kilo, tukaja katika nchi ya futi na ratili. Mtu akikosea kununua kitambaa, atashona kanzu fupi. Akikosea kununua nati, ataharibu gari.

Skrubu ya kawaida ya Tamiya ina unene wa milimita 3, na zile zinazoingia katika nati hesi zake, yaani ile mizunguko inayouma nati, zimeachana kwa nusu milimita. Skrubu ya kawaida ya RC10 huitwa 4-40. Hiyo 4 ni nambari ya unene, nao ni inchi 0.112, sawa na milimita 2.84. Na 40 ni idadi ya hesi katika inchi moja, maana yake zimeachana kwa milimita 0.635.

Ziweke skrubu hizo mbili kiganjani, na hata mwenye macho makali atasema ni moja. Nati ya hii huanza kuingia katika ile, kisha hukwama. Kijana hudhani ni kutu, huongeza nguvu. Alumini ni laini kuliko feleji, basi hesi zote hulika, na nati au nguzo ya alumini ya mwaka 1984 iliyolika hesi hairudi.

Dawa yake ni kupima mambo matatu kabla ya kuagiza chochote: unene, hesi na urefu. Kwa unene tumia kalipa, kile kipimio chenye meno mawili, kisicho ghali siku hizi. Kwa hesi, tafuta nati mpya unayoijua kipimo chake uijaribu kwa vidole. Ikiwa ni yake, itazunguka toka mwanzo hadi mwisho bila spana. Ikidai spana katikati ya njia, itoe. Kwa urefu, kumbuka kanuni hii: skrubu yenye kichwa cha mviringo kinachokaa juu hupimwa kuanzia chini ya kichwa, lakini ile yenye kichwa kinachozama ndani hupimwa yote, kichwa na mwili. Wengi huagiza fupi au ndefu kwa kutoijua kanuni hii tu.

Yaandike yote katika daftari, kila skrubu na mahali ilipotoka. Weka kopo moja la milimita na kopo moja la inchi, wala yasikutane. Wapo wanaochukua skrubu katika kompyuta mbovu, na si vibaya, maana nyingi ni za milimita 3. Lakini ndani ya kompyuta hiyohiyo zimo pia za inchi ziitwazo 6-32. Sanduku moja, lugha mbili.

Nukta ya kichwani

Mtaa wetu umeitwa kwa jina la Wendell Phillips, mtu aliyepiga vita utumwa katika nchi hii na kufariki mwaka 1884. Bisibisi ya msalaba nayo huitwa Phillips, lakini hiyo ni kwa jina la mtu mwingine, Henry F. Phillips wa Portland, Oregon, aliyepata hati zake za uvumbuzi mwaka 1936. Nayataja haya kwa sababu bisibisi iliyomo katika kila droo ya jikoni hapa ni hiyo ya Phillips, na ndiyo inayoua skrubu za Tamiya.

Wajapani wana kipimo chao cha kichwa cha msalaba, kiitwacho JIS. Kwa mbali ni kilekile. Kwa karibu, ncha ya Phillips haifiki chini ya tundu la JIS. Huelea, huteleza, na kila inapoteleza hula pembe za msalaba mpaka kichwa kinakuwa shimo la mviringo. Hapo skrubu haitoki ila kwa kekee. Basi nunueni bisibisi ya JIS, moja ndogo na moja ya kati. Itadumu kuliko gari lenyewe.

Mara nyingi skrubu ya JIS hujulikana kwa nukta moja ndogo iliyogongwa kichwani. Sisi tuliopitia chuoni tunaijua thamani ya nukta. Nukta moja chini ni ba, mbili juu ni ta, moja juu ni nun, na mwalimu hakukubali kamwe tumwambie kuwa ni kitu kidogo. Si kila skrubu ya Kijapani ina nukta hiyo, kwa hiyo kanuni salama ni hii: gari likiwa la Kijapani, shika bisibisi ya Kijapani.

RC10 nalo hutumia zaidi skrubu za alenki, na alenki zake ni za inchi. Ile skrubu ya 4-40 yenye kichwa kirefu cha mviringo hutaka alenki ya inchi 3/32, ambayo ni milimita 2.38. Alenki ya milimita 2 hucheza ndani yake na kuila, na ya milimita 2.5 haiingii. Hapa hakuna makadirio.

Alumini gani, na mahali gani

Neno alumini peke yake halitoshi, kama vile neno mchele halikwambii ni wa pilau au wa vitumbua. Sufuria zetu aghalabu ni za alumini laini. Chasisi ya RC10 ni ya aina iitwayo 6061-T6, iliyochanganywa na magnesi na silikoni kisha ikapitishwa katika moto ili iwe ngumu. Ipo na 7075, yenye zinki, ambayo ni ngumu zaidi na hutumika hata katika ndege. Muuzaji mwenye mali yake hutaja nambari. Akikwambia ni alumini tu, na kipande kinang'aa buluu au zambarau, muulize nambari. Akikosa jibu, mshukuru uende zako. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Uzito wa alumini ni kama theluthi ya uzito wa feleji, na hiyo ndiyo sifa inayopendwa. Lakini si kila mahali panapoitaka. Nati za magurudumu, washa, yaani vile vipete bapa vinavyokaa chini ya nati, nguzo za kushikia bodi, na miili ya shokapu, hizo zinafaa kuwa za alumini. Ekseli, pini za mikono ya magurudumu, na skrubu zinazobeba kishindo ziacheni ziwe za feleji. Skrubu ya alumini ikikazwa kama ya feleji, kichwa hukatika na mwili hubaki ndani.

Tena kipo kishawishi cha kubadili kila cha plastiki kuwa cha alumini. Nguvu ya kugonga ukuta haipotei. Ukiukaza mkono wa gurudumu, kishindo kitapita kwenda kwenye kipande dhaifu kinachofuata, na mara nyingi hicho ni chasisi yenyewe, isiyopatikana kwa urahisi. Mkono wa plastiki unaovunjika umeilinda nyumba nzima.

Juu ya rangi ya dhahabu ya RC10, hiyo si rangi ya kupaka. Huitwa anodaizi: alumini huzamishwa katika asidi, umeme ukapitishwa, ikaota ngozi ngumu ya juu, na ngozi hiyo ikanyweshwa rangi. Dada zetu wanajua kinachotokea sufuria ya alumini ikitiwa katika mashine ya kuoshea vyombo: hutoka nyeusi yenye mabaka, kwa sababu sabuni ya mashine hiyo ni kali na huila alumini. Chasisi ya dhahabu nayo haina salama humo. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya mkono na mswaki wa zamani, basi.

Chumvi imetufuata

Waliokulia Mombasa, Unguja au Lamu wanaijua hewa ya bahari inavyokula bawaba na makufuli. Tulipohamia huku, mbali na bahari yoyote, tulidhani tumeiacha chumvi nyuma. Kumbe wakati wa baridi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na kijana anayecheza gari lake katika maegesho mwezi wa Machi ameliingiza baharini.

Feleji na alumini zikigusana, na kati yake pakapita maji ya chumvi, huzuka umeme mdogo kama wa betri, na inayoliwa ni alumini. Utaona unga mweupe umezunguka skrubu. Ukiuacha, skrubu na nati hushikana kama zimeungwa. Basi baada ya mchezo futa kwa kitambaa cha maji baridi, kausha kabisa, na kila skrubu ya feleji inayoingia katika alumini itie grisi kidogo kwenye hesi. Kwa nati zinazolegea kwa mtikisiko, ziko za pete ya nailoni ndani. Hizo zinatosha, wala hakuna haja ya kukaza mpaka meno yaume.

Wapi pa kutafuta

Kwanza, tazama kama kampuni iliyotengeneza imetoa kipuri hicho upya. Tafuta kwa nambari iliyo katika kitabu cha gari, usitafute kwa picha. Picha hudanganya kipimo.

Pili, kwa nati na skrubu za kawaida huna haja ya duka la wanasesere. Jimbo letu ni la watu wa skrubu: Fastenal, kampuni kubwa ya bidhaa hizo, ilianza kwa duka moja katika mji wa Winona, Minnesota, mwaka 1967. Kadhalika McMaster-Carr, ambao ni wauzaji wa tangu mwaka 1901, huandika aina ya metali, hesi na urefu wa kila kitu. Aliyepima sawasawa atapata huko kitu kilekile kinachouzwa katika pakiti ya rangi kwa bei ya juu.

Tatu, vipande vya zamani visivyotolewa tena huuzwa na watu waliovihifadhi. Hapa omba picha ya kipande kikiwa juu ya rula, na uliza kama hesi zimejaribiwa.

Nne, kipande kisichopatikana popote hukerezwa. Fundi mwenye mashine ya kukereza, akipewa cha zamani hata kama kimevunjika pamoja na vipimo vilivyoandikwa, ataweza kukitoa katika fimbo ya 6061. Wanaokwenda nyumbani kutembea wanaweza pia kuwaendea mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, kwa vipande bapa. Mafundi hao macho yao ni rula, lakini wachukulieni mfano mkononi. Msiwape maneno matupu.

Kusubu nyumbani sikushauri. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, na uwanja wa nyuma wenye watoto si mahali pake. Na mtaa wetu umekwisha kupumua moshi wa kutosha: Smith Foundry ya East Phillips, iliyoanza kazi mwaka 1923, ilikubaliana na serikali mwaka 2024 kuacha kusubu chuma.

Mwisho, msione haya kuomba msaada. Kaunti ya Hennepin huendesha vikao vya bure viitwavyo Fix-It Clinics, ambapo watu wenye ujuzi hukaa nawe mkatengeneza kitu chako pamoja. Mtoto akiona mzee wa kizungu na binti wa kwetu wameinamia gari moja, naye hujifunza mengine zaidi ya skrubu.

Kipande cha sufuria

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika nyumba moja, marehemu aliacha Hornet aliyoinunua Dubai, ikaenda Mombasa, kisha ikaja huku katika sanduku la nguo. Watoto wake walipolifungua gari, walikuta chasisi imepasuka mbele, na chini ya skrubu mbili za bampa pana kibati cha alumini kilichokatwa kwa mkono, kingo zake zimesuguliwa kwa tupa mpaka zikalainika. Mama yao alikitambua. Kilikuwa kitako cha sufuria yake ya kuchemshia maziwa, iliyotoboka mwaka ambao mtoto wa kwanza aligonga gari ukutani. Baba alikuwa amekata washa pana, ili uzito wa skrubu usiukalie ule ufa bali uenee pande zote mbili. Kwa fundi yeyote hiyo ni kazi sahihi.

Kijana alitaka kibati kitupwe na chasisi inunuliwe mpya, gari ling'ae kama lilivyotoka dukani. Binti alikataa. Waliniletea neno hilo kana kwamba mimi ni kadhi wa skrubu. Niliwaambia waulizane kwanza: gari hili ni la nani? Likiwa ni la Tamiya, rudisheni kila kitu kama Tamiya walivyotaka. Likiwa ni la baba yenu, basi ile kazi yake nayo ni kipuri halisi, na hakuna duka linaloiuza.

Walipatana hivi. Skrubu zilizolika walizibadili kwa mpya za kipimo chake, magurudumu wakayatia beringi mpya, na zile za zamani wakaziweka katika mfuko wenye maandishi. Kibati wakakichora katika daftari kwa vipimo vyake vyote, ili kikipotea kiweze kukatwa tena, kisha wakakirudisha mahali pake. Gari linakimbia. Wajukuu wanagombea zamu.

Basi jamaa zangu, mkishuka na hayo magari kutoka juu ya makabati, chukueni kalipa kabla ya kuchukua pochi. Andikeni mnachokikuta, na alichokitengeneza mzee kwa mkono wake msikitoe mpaka mmeuliza kwa nini alikitia. Na aliye na skrubu za milimita 3 za ziada asizifiche. Nyumba ya tatu bado inahitaji nane.